Mlima Uliotema Buluu

Mama Povu hakuwahi kuomba radhi kwa sauti ya chini. Akikosea, aliomba radhi kwa kelele mpaka aliyekosewa ndiye aliyeona haya. Na kama hakukosea, hata ungemfunga kamba mikono na miguu, neno "samahani" usingelitoa kinywani mwake kwa koleo la mhunzi.

Alikuwa dobi. Mikono yake ilikuwa imekaa majini hata mikunjo ya vidole ilisahau kukauka, na watu walisema ukipeana naye mkono unajiona umesalimiana na samaki. Alifulia chini ya mlima, pale maji yalipochomoza kwenye ufa wa jiwe, yakajaa birika la mawe alilojenga marehemu mumewe, kisha yakamwagika na kuendelea na safari yao nyuma ya nyumba, nyuma ya karakana, mpaka kwenye mabomba ya zahanati. Mahali pale watu walipaita Jicho, kwa kuwa hapakuwahi kufumba. Hata kiangazi cha kukausha mate mdomoni, Jicho lilitoa machozi.

Mlima wenyewe ulikuwa wa mawe ya chokaa, na mtu asidanganyike na ukubwa wake. Ndani ulikuwa mtupu. Mvua ilikuwa imeula tangu zama za zama, taratibu, kama panya anayekula mkate kuanzia katikati na kuacha ganda ili mwenye nyumba asishtuke. Huko juu, shamba liliweza kulala zima likaamka na shimo tumboni. Mkulima mmoja alitoka chooni akaenda kunawa, kugeuka akakuta choo kimeondoka bila kuaga. Kisima cha huyu kilikauka Jumatatu, kikajaa Jumatano bila tone la mvua, na maji yenyewe yana majani ya shamba la mtu mwingine kabisa. Kuna mbuzi aliyetumbukia kwenye ufa akiwa na matope mpaka masikioni, akatokea Jicho siku ya pili mweupe kuliko shuka jipya. Kengele yake tu ndiyo iliyobaki huko ndani, na siku za mvua ukiweka sikio kwenye jiwe unaisikia ikilia. Anayebisha aende akaweke sikio.

Juu kabisa palikuwa na Mdomo. Huko kijito kilikuja kutoka upande wa pili kikiwa na furaha zake, kikazunguka kama kuku anayetafuta pa kulalia, kisha kikaingia shimoni na kutoweka. Kutoka hapo bonde lote lilikuwa mawe makavu. Watu wa juu walisema kijito kimekufa. Watu wa chini walisema Jicho limejizaa lenyewe. Kila upande uliridhika na uongo wake.

Mama Povu hakuridhika, na kilichomharibia usingizi ni sabuni. Kiangazi, maji ya Jicho yalikuwa magumu. Sabuni ilikatika ikawa mabonge kama maziwa yaliyochacha, na shati lilikauka likasimama wima bila mtu ndani. Hayo yalikuwa maji yaliyokaa sana kwenye jiwe, yakala chokaa yakashiba. Lakini mvua ikipiga upande wa Mdomo, hata kama chini kwake jua linawaka, haichukui muda povu linafumka hadi viwikoni. Maji hayo yalikuwa mageni. Yalipita mlimani mbio mbio, hayakupewa hata kiti. Ndivyo alivyopata jina, kwa kusimama barabarani na povu mikononi akiwatangazia wapita njia, "Huko juu kumenyesha!" Nao wakamcheka, kisha wakaenda kuanua nguo zao.

Basi Mama Povu alikuwa na shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, naye alikuwa na kiwanda cha ngozi huko juu karibu na Mdomo. Watu walimwita Pamba. Kazi ya ngozi ni manyoya, mafuta, chokaa na harufu ya kumfanya inzi ageuze njia, lakini yeye hakuvaa ila nyeupe. Shati jeupe, suruali nyeupe, viatu vyeupe. Alitaka akipita watu waseme, yule hata uchafu unamwogopa.

Mama yao, yeye na marehemu, bibi kizee mwembamba kama sindano na mkali kama hiyo hiyo sindano, aliishi kwa Mama Povu. Pamba alimwomba ahamie kwake, akakataa. Alisema nyumba ya mwanawe inanuka ngozi, na mkewe anapika kama anayemlipizia mtu kisasi. Kila asubuhi alikunywa kikombe kimoja cha maji ya Jicho kabla hajasema neno na binadamu.

Zamani maji machafu ya kiwandani yaliingia kwenye dimbwi lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, usiopitisha kitu. Dimbwi lilijaa. Kulizoa ni kazi ya kuchafua viatu. Pamba akaangalia Mdomo, akaona shimo linameza kijito kizima wala halicheui, akachimba mfereji kutoka kiwandani mpaka pale. Akatembea kando ya mfereji wake akipiga mluzi.

Haukupita muda, Mama Povu akakunjua foronya ya zahanati akakuta manyoya mafupi ya kahawia yamejishona kwenye pindo. Akayatoa. Kesho yake mengine. Kisha ikaja harufu, kwanza kama ya kiatu kilicholowa, halafu kama ya mwenye kiatu. Muuguzi akarudisha shuka kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, hapa tunatibu watu," akasema. "Hatufugi ng'ombe."

"Mwanangu, mimi nafua. Manyoya yanakuja na maji."

"Basi tutatafuta dobi ambaye maji yake yamenyolewa."

Na mama mkwe akaanza kushika tumbo. Alishika kimya kimya, akidhani haonekani.

Pamba alipokuja kumsalimia mama yake Jumapili, Mama Povu alimngoja barazani, mikono kiunoni.

"Shemeji, maji yako unamwaga wapi?"

"Maji gani? Mimi sina maji, nina ngozi."

"Ya kuoshea hizo ngozi."

"Aa, hayo. Hayo nimeyazika."

"Umeyazika wapi?"

"Mdomoni. Yameingia, yamekwisha. Wewe umewahi kuona kitu kikirudi kutoka Mdomoni?"

"Mbuzi."

Pamba akacheka mpaka akashika nguzo. "Mbuzi huyo nimemsikia tangu sijaota meno, shemeji. Na kila mwaka anazidi kuwa mweupe."

"Unamnywesha mama yako maji ya ngozi."

Hapo bibi kizee akagonga fimbo sakafuni. "Wewe mke wa mwanangu, chunga ulimi. Huyu nimemzaa. Hawezi kuninywesha uchafu."

"Mama, tumbo lako..."

"Tumbo langu lina miaka yake. Nionyeshe kitu kilichoingia kule juu kikatoka huku chini, nikione kwa macho yangu haya. Hapo nitasema. Na usiniletee mbuzi."

"Nitakuonyesha," akasema Mama Povu.

"Muonyeshe!" akasema Pamba, akikung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye shati lake. "Na ukishindwa, shemeji, ufunge mdomo kuhusu mfereji wangu mpaka siku ya kufa kwako."

"Na siku hiyo nitaufunga kwa shida."

Nyuma ya nyumba alikuwa na gunia la unga wa buluu. Madobi hutia buluu chembe tu kwenye maji ya mwisho, nyeupe isije ikageuka manjano. Chembe, si zaidi. Lakini mwenye duka mmoja alipohama mtaa alimwachia gunia zima, kwa kuwa lilimtilia rangi kila alichogusa, pamoja na paka. Mama Povu alilitwika kichwani mchana kweupe, akapanda mlima akipita katikati ya kiwanda cha Pamba. Wafanyakazi wakaacha kukwangua ngozi.

"Mama, unaenda kumfulia nani huko?"

"Mlima. Umechafuka."

Joto lilikuwa la kuoka mkate juu ya jiwe, na Mdomo ulikuwa unavuta pumzi. Ncha ya kitambaa chake cha kichwa ilielekea shimoni yenyewe, kama mtoto anayevutwa na mama yake. Kijito kilikuwa chembamba, na pembeni yake mfereji wa Pamba ukiingiza supu yake ya kahawia. Pamba naye akatoka, akasimama mbali ili asirukiwe.

"Mwaga, shemeji! Lilishe shimo!"

Akamwaga nusu ya gunia. Nusu akaibakiza, maana dobi ni dobi. Maji yakawa buluu kama anga lililoanguka, yakazunguka, yakaingia. Mama Povu akateremka mbio, uso wa buluu, nyusi za buluu, akaketi mbele ya Jicho akamwita mama mkwe na kila aliyekuwa na macho.

Maji yakatoka meupe.

Watu wakangoja mpaka jua likachwea, wakaenda kula. Kesho, meupe. Keshokutwa, meupe. Wiki ikapita, nyingine ikaifuata. Kilichobaki buluu mjini ni nyusi za Mama Povu tu, na watoto walimfuata njiani wakimwimbia. Fundi cherehani, shoga yake, ambaye mlango wake ulitazamana na wa kwake, akamwambia kwa huruma iliyochanganyika na kicheko, "Shoga, Jicho lako limekataa wanja."

"Litapaka."

"Lini?"

"Likitaka. Kwani nimeliajiri?"

Lakini usiku usingizi haukuja. Kumbe buluu ile si kitu cha kuyeyuka kikaisha. Ni vumbi. Na kiangazi kile maji ya ndani ya mlima yalikuwa hayana nguvu, yamelala kwenye mabwawa ya gizani, shimo baada ya shimo. Buluu ilitulia chini ya bwawa mojawapo, ikalala nayo. Hilo Mama Povu alikuja kulijua baadaye. Wakati ule alijua tu kwamba ameshindwa mbele za watu, na kwamba asubuhi mama mkwe ananyanyua kikombe chake, anakunywa, anashika tumbo.

Pamba hakuweza kuachia ushindi ukae bila kuupaka mafuta. Binti yake alikuwa anaolewa, naye akamletea Mama Povu nguo za harusi za upande wake zote: mashati yake, suruali, vitambaa vya meza, vyote vyeupe.

"Nilitaka kupeleka kwingine," akasema akiwa mlangoni, "lakini watu watasema nina kinyongo. Maji yako si masafi, shemeji? Au bado yana mbuzi?"

Angeweza kumtupia kapu usoni. Akalipokea. Alitaka kumfulia nguo zing'ae mpaka zimwumize macho, ajue kwamba yeye hashindwi na kazi.

Akazisugua asubuhi nzima. Akazisuuza. Akaziacha ndani ya birika, maji ya Jicho yakipita juu yake, kisha mawingu yakakaa juu ya mlima na ngurumo ikaanza huko upande wa Mdomo. Chini kwake hakukudondoka kitu. Akaenda kula, akampa mama mkwe chakula, akajinyoosha kidogo mkekani. Aliposikia Jicho limebadilisha sauti, linakoroma badala ya kunong'ona, alijua maji mageni yamefika, akatoka kwenda kufaidi povu.

Birika lilikuwa buluu.

Si buluu ya kubahatisha. Buluu ya wino, ya shingo ya tausi, inabubujika kutoka kwenye ufa wa jiwe kama mlima umekatwa mshipa. Na mashati ya Pamba yalikuwa yanaelea ndani yake, mikono juu, kama watu wanaosalimu amri.

Kwanza alishtuka kama dobi. Akachomoa shati, akalikamua, akakimbilia pipa la maji ya mvua. Buluu hutoka: maji safi, siki kidogo, uvumilivu mwingi. Mpaka jioni angekuwa amemaliza, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa ameshaisuuza kola ya shati la kwanza alipotambua anachofanya. Anausafisha ushahidi.

Akalitoa. Kola ilikuwa imerudi nyeupe, mwili wote bado buluu.

Akapiga kicheko kimoja tu, lakini fundi cherehani alikisikia akajidunga sindano.

"Nisaidie kamba," Mama Povu akamwambia akiwa na kapu kichwani, buluu ikimtiririka mpaka visiginoni. "Kutoka kwenye nguzo yako mpaka yangu."

"Katikati ya barabara?"

"Hapo hapo magari yanapopita."

Fundi akatazama ndani ya kapu, akashika kifua. "Shoga! Nguo za harusi? Umejimaliza. Dobi aliyeharibu nguo za harusi, nani atamletea tena hata soksi?"

"Kama nimejimaliza, basi nijimalize mahali panapoonekana. Funga kamba."

Wakafunga. Mashati, suruali, vitambaa vya meza, vyote vikapepea juu ya barabara kama bendera za nchi ambayo bado haijazaliwa. Watu wakatoka madukani. Muuguzi akatoka zahanati na bilauri mkononi, maji ya bomba yana rangi ya dawa ya vidonda. Na Pamba, aliyepelekewa habari kabla nguo ya mwisho haijabanwa, akaja na gari lake, akasimama chini ya suruali yake mwenyewe inayomdondokea matone begani.

"Nguo zangu!"

"Zako. Lakini rangi ni yangu."

"Umezitia buluu makusudi!"

"Buluu nilitia Mdomoni, shemeji. Ulikuwepo. Ulinihimiza nilishe."

"Umeitia ndani ya birika lako leo hii, kwa sababu ya wivu!" Akawageukia watu. "Mnamwona? Ameshindwa, sasa anaharibu mali ya watu. Nani kati yenu atampa nguo huyu?"

Watu wakainua macho kwenye nguo. Hilo lilimchoma Mama Povu kuliko kelele zote, kwa maana aliona baadhi yao wanahesabu shuka zao kimoyomoyo.

"Msinipe," akasema. "Msinipe hata leso. Lakini njooni Jicho mtazame mlichokuwa mnakunywa."

Ndipo fimbo ikasikika. Bibi kizee alikuwa ametoka nyumbani peke yake, kikombe chake mkononi, na watu wakamfungulia njia. Hakusimama. Alipita chini ya nguo bila kuzitazama, akashika njia ya Jicho, na mtaa mzima ukamfuata, Pamba akiwa katikati akitembea kwa ncha za viatu.

Jicho lilikuwa bado linatema. Maji yalitoka ndani ya jiwe zima, kwenye ufa ambao mkono wa mtoto hauingii, buluu tupu, na kwenye ukingo wa birika yalikuwa yametupa mstari wa manyoya mafupi ya kahawia na ukoko wa mafuta. Bibi kizee akaangalia ufa. Akaangalia ukoko. Akainama, mifupa yake ikalia kama mlango, akachota kikombe kikajaa. Akamnyooshea mwanawe.

"Kunywa."

"Mama..."

"Kunywa, baba. Si yamekwisha? Si umeyazika?"

"Mama, haya ni machafu."

"Uchafu umetoka wapi?"

Pamba akatazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na tone.

"Kila asubuhi nakunywa kikombe hiki hiki," akasema mama yake. "Nilisema huwezi. Nimemkemea huyu mwanamke nyumbani kwake, mbele yako, kwa ajili yako. Basi kunywa nijue sikukosea. Hutaki? Kazibe mfereji."

"Nitawatuma vijana kesho..."

"Sikukuzaa kwa kutuma vijana. Kazibe wewe. Sasa hivi. Ama kwenye harusi ya mjukuu wangu utaweka kiti changu, na kitakaa peke yake."

Pamba akapanda mlima na nguo zake nyeupe, koleo mkononi, na wanaosema alirudi akiwa na rangi ya ngozi mbichi hawakuongeza chumvi hata kidogo. Mfereji ukazibwa. Dimbwi la mfinyanzi likazolewa. Kukiri hakukiri, hata leo. Ukimuuliza atakwambia udongo wa pale ulikuwa unahitaji kurekebishwa.

Harusini alivaa lile shati la buluu lenye kola nyeupe, maana hakuwa na lingine na siku zilikuwa zimekwisha. Vijana wakadhani ndiyo mtindo mpya. Wiki ile watatu walimfuata Mama Povu wakitaka lao liwe vile vile, naye akawaambia wakalitupe Mdomoni, wangoje mvua.

Wateja walimkimbia. Zahanati ilikaa miezi bila kumletea kitambaa, na alifua za kwake na za mama mkwe mpaka zikawa nyembamba kama moshi. Watu walimshauri aende akawaombe radhi wenye nguo. Akasema radhi ya nini, na akaendelea kukaa kwenye birika lake kila asubuhi, mikono majini, hata kama hana cha kufua. Kisha muuguzi akaleta foronya moja, ya kujaribu. Ikarudi bila unyoya. Akaleta mbili. Mama mkwe akaacha kushika tumbo, akarudia kusema vibaya mapishi ya mke wa Pamba kwa nguvu zake zote za zamani.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, Mama Povu akachovya mikono kwenye birika, akainusa. Kiatu kilicholowa. Kwa mbali sana, lakini kiatu.

Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha hata fundi cherehani aliyekuwa anamtazama kutoka mlangoni. Alijifuta mikono. Akaenda nyuma ya nyumba, akatwika ile nusu ya gunia, akapanda. Akapita katikati ya kiwanda, polepole, akisalimia kila mtu. Akafika Mdomoni, akakaa juu ya jiwe kando ya mahali pa ule mfereji, ambapo udongo mpya ulikuwa umetobolewa kitundu cha kupitisha mkono. Akaweka gunia magotini, akalifungua kamba, akaanza kutafuna kipande cha mkate.

Pamba akatoka, mweupe kuanzia kichwani mpaka chini.

"Shemeji," akasema, macho kwenye gunia. "Umekuja kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Hapa?"

"Hapa pana upepo. Endelea na kazi yako, shemeji, usinijali." Akatafuna. "Na zile nguo zako nyeupe, unampa nani kufua siku hizi?"

 Pamba akageuka, akaita aletewe koleo.